Chuma Kinyamaze, Dhahabu Isinyamaze: Mwongozo wa Uchujaji na Kina kwa Wenye Detekta

Karibu kila detekta ya bei ya kati inayouzwa leo ina kitufe au menyu ya kuchuja metali. Kwenye mashine nyingine kimeandikwa DISC, kwenye nyingine ni mchoro wa msumari uliopigwa mstari. Ukikiwasha, mashine inanyamaza juu ya msumari na kulia juu ya pete. Muuzaji atakuonyesha hilo mezani, utatabasamu, utalipa. Nani anataka kushinda juani akifukua misumari?

Tatizo ni kwamba mezani hakuna udongo, na pete iko kiganja kimoja tu kutoka kwenye koili. Ukifika porini Chunya au pembezoni mwa Geita, kile kile kilichokufurahisha dukani ndicho kitakachokupitisha juu ya kipande cha dhahabu bila mashine kusema neno. Mwongozo huu unamhusu zaidi anayetafuta dhahabu ya juujuu, vile vipande na punje zilizolala kwenye udongo wa shamba, korongo au marudio ya zamani. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa kazi hiyo uchujaji uwe umezimwa, na ukiuwasha uwe na sababu unayoweza kuitaja.

Mashine inasikia nini

Detekta nyingi za kawaida zinafanya kazi kwa namna moja. Waya uliozungushwa ndani ya koili unatoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Mashine za sarafu hutumia masafa ya kilohezi 5 hadi 20 hivi. Za dhahabu ndogo huenda juu zaidi: Gold Monster 1000 ya Minelab iko kilohezi 45, na Gold Bug 2 ya Fisher, mashine ya zamani ambayo bado ina wapenzi wake, iko 71. Uga huo ukigusa metali, ndani ya metali huzaliwa mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa uga wake wenyewe, dhaifu, ambao waya wa pili ndani ya koili unaupokea.

Mashine hupima mambo mawili kwenye kile kinachorudi: nguvu yake, na kuchelewa kwake. Nguvu inaeleza kwamba kuna kitu. Kuchelewa kunaeleza kitu hicho huenda ni nini. Chuma kinachovutwa na sumaku kina tabia yake, upande mmoja kabisa wa kipimo. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara na punje ndogo za dhahabu zinafuata, zikiwa jirani mno na chuma. Halafu alumini, pete na vipande vikubwa vya dhahabu, halafu shaba, na mwisho kabisa fedha. Mashine hutafsiri kuchelewa huko kuwa namba. Kwenye Equinox 800, kwa mfano, namba huanzia −9 hadi 40, na kuanzia sifuri kushuka chini huhesabiwa kuwa chuma.

Uchujaji ni amri moja tu unayoipa mashine: kitu chochote chenye namba chini ya hapa, usinilizie. Basi. Uga unaotoka kwenye koili haupungui hata kidogo, betri haiishi haraka zaidi, koili haiwi ndogo. Kwa hiyo yale maneno ya vijiweni kwamba ukiwasha DISC mashine inapoteza nusu ya nguvu zake si sahihi, angalau kwa mashine za kidijitali. Lakini wanaoyasema wameona jambo la kweli: wameacha dhahabu chini. Sababu tu ndiyo wameikosea.

Kina kinapotea wapi

Mtu akiita kutoka ng'ambo ya bonde, unajua kuna anayeita muda mrefu kabla hujatambua sauti ni ya nani. Detekta ni hivyo hivyo. Kuna kina ambacho mashine inajua kwamba pana metali, na kuna kina, kifupi zaidi, ambacho inaweza kusema ni metali gani. Uchujaji unafanya kazi kwa jina, si kwa uwepo. Kile kipande kilichoko katikati ya vina hivyo viwili, kinachosikika lakini hakijatambulika, ndicho unachokipoteza.

Na mashine isipotambua haikuambii kwamba haijui. Inakisia. Mara nyingi inakisia chuma, na kuna sababu mbili.

Ya kwanza ni umbali. Kitu kidogo kilicho mbali kuliko upana wa koili kikisogea kina mara mbili, ishara inayorudi haipungui mara mbili wala mara nne. Inapungua kama mara 64, kwa sababu uga unadhoofika ukienda na unadhoofika tena ukirudi. Ndiyo maana kipande kilicholia kama kengele kwenye sentimita 10 kinaweza kuwa mnong'ono kwenye 20. Ndiyo maana pia kupandisha usikivu kutoka 7 hadi 10 hakukupi kina kingi kama unavyodhani.

Ya pili ni udongo wenyewe. Ardhi yetu nyingi ni nyekundu, na wekundu huo ni chuma. Ukiosha udongo kwenye karai unakiona kile kichanga cheusi kinachobaki mwisho pamoja na dhahabu. Sehemu kubwa yake ni madini ya chuma yanayovutwa na sumaku. Koili inapopita, udongo wote huo unarudisha ishara yake, na tabia ya ishara hiyo iko upande ule ule wa chuma. Kipande kikiwa juu, ishara yake inaimeza ya udongo. Kikiwa chini, ya udongo ndiyo inayoimeza yake, na mchanganyiko unaomfikia msomaji wa skrini unavutwa kuelekea kwenye namba za chuma. Dhahabu haijabadilika. Iliyobadilika ni tafsiri.

Hapo ndipo kitufe cha DISC kinapokugharimu. Kipande kizuri, kina kirefu, udongo mkali: mashine inasoma −3, umeiambia inyamaze chini ya 1, inanyamaza. Umekanyaga juu yake na kusonga mbele.

Punje ndogo zina taabu zaidi, kwa kuwa hata bila kina zinaishi jirani na chuma kwenye kipimo. Anayepandisha uchujaji hadi karatasi za sigara zinyamaze anapaswa kujua kwamba amenyamazisha pia punje zenye ukubwa wa mchele. Hakuna mashine ya aina hii inayoweza kuzitenganisha hizo mbili kwa uhakika, maana kwa koili ni kitu kile kile.

Geita si Chunya

Kabla hujaamua lolote kuhusu uchujaji, ijue ardhi uliyosimama. Kanda ya Lupa, Chunya, ambako dhahabu iligunduliwa 1922 na watu wakamiminika miaka ya 1930, dhahabu nyingi ilitoka kwenye mishipa ya mawe meupe ya kwazi na kwenye mchanga wa mito. Kuna sehemu pale udongo umetulia na mashine inafanya kazi bila manung'uniko. Geita ni habari nyingine. Dhahabu ya vilima vile inahusiana sana na miamba ya mistari yenye chuma, na kokoto zake zimetapakaa kwenye udongo. Jiwe moja la namna hiyo, zito, jeusi au la kahawia, linaweza kulia kama kipande cha dhahabu, au likaifunika dhahabu iliyo chini yake.

Kipimo cha haraka hakihitaji mashine. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu, ifunge kwenye mfuko wa nailoni, ichomeke kwenye udongo mkavu uliousagasaga, uitoe. Vumbi jeusi likiwa chembe chache, namba za skrini unaweza kuziamini kwa kiasi. Mfuko ukitoka na ndevu, chukulia skrini kama uvumi. Sikiliza mlio, namba ziache.

Baada ya hapo sawazisha ardhi. Tafuta mahali pasipo na metali, inua koili na kuishusha, kutoka karibu na ardhi hadi kimo cha goti, na urekebishe hadi mlio usibadilike koili ikishuka. Mashine nyingi siku hizi hufanya hivyo zenyewe, lakini nyingine zinataka ubonyeze. Rudia kila udongo unapobadilika rangi, kila unaposhuka korongoni, na jua likipanda sana. Mashine isiyosawazishwa inakosea kuchelewa, na kuchelewa ndiko kunakotumika kuchuja. Kosa moja linazaa la pili.

Metali zote, na metali zote ya kweli

Hapa wengi huteleza, hata wazoefu. Kushusha uchujaji hadi sifuri si lazima iwe sawa na kuweka mashine kwenye modi ya metali zote. Katika mashine kadhaa, uchujaji wa sifuri bado unapitisha ishara kwenye njia ya utambuzi: mashine inasubiri itambue kwanza, ndipo ilie, japo imeruhusiwa kulia kwa kila kitu. Modi ya metali zote ya kweli huiruka hatua hiyo kabisa. Utaijua kwa mlio wa msingi, ile sauti nyembamba inayoendelea muda wote, kama mbu aliye mbali. Kipande cha kina hakipigi kelele. Kinauvimbisha tu mlio huo kidogo, kisha unarudi. AT Gold ya Garrett ina modi hiyo, na Gold Monster ina moja iliyopewa jina la kina kirefu pamoja na nyingine ya kukataa chuma. Mtengenezaji mwenyewe amekwambia kwa majina hayo kipi kinaenda chini zaidi.

Weka mlio wa msingi usikike kwa shida tu. Ukiwa mkubwa, mabadiliko madogo yanazama ndani yake. Ukiwa kimya, umejinyima nusu ya habari. Na vaa hedifoni. Upepo wa Agosti peke yake unatosha kufuta ile mivimbo midogo.

Usikivu nao una mpaka. Kwenye udongo mkali ukiupandisha hadi mwisho mashine itapiga kelele zisizo na maana, na kelele hizo zitafunika ishara za kina. Pandisha hadi ianze kubwabwaja, kisha shusha kidogo. Watu wengi hupata kina zaidi kwenye 6 iliyotulia kuliko kwenye 10 inayopayuka.

Mashine za mapigo

Wenye mtaji mkubwa hutumia mashine za aina ya pili, zinazotuma mapigo mafupi ya umeme na kusikiliza kinachobaki baada ya kila pigo kukatika. GPX 4500 na 5000 za Minelab ni za kundi hilo. Zinavumilia udongo mkali kuliko za masafa, na kwa vipande vikubwa zinafika chini zaidi sana. Lakini kutofautisha metali si kipaji chao. GPX 5000 ina sehemu ya kukataa chuma, ila inafanya kazi ukiwa na koili ya D mbili (DD) tu, na inaaminika kwa vitu vya juu vyenye ishara kubwa, kama mkebe au msumari mnene karibu na uso wa ardhi. Ukiipandisha, itaanza kukataa na vitu usivyopenda vikataliwe.

Jambo moja linasema zaidi ya maelezo yote haya: GPZ 7000 iliyotoka 2015 na GPX 6000 iliyotoka 2021, ambazo ni miongoni mwa mashine za bei ya juu kabisa za kampuni hiyo kwa dhahabu, hazina uchujaji wa chuma hata kidogo. Anayetoa mamilioni kwa ajili ya kina anapewa mashine inayomwambia achimbe kila kitu.

Chuma kinachoficha

Kuna hasara ya pili ya uchujaji ambayo haihusiani na kina moja kwa moja, na kwenye maeneo ya zamani naiona kubwa kuliko ya kwanza. Msumari ukilala karibu na punje ya dhahabu, koili inaviona vyote kwa pamoja. Ukiwa umechuja chuma, mashine inanyamaza kwa msumari, na unyamavu huo unaendelea kwa muda mfupi baada ya koili kupita. Punje ikiangukia ndani ya muda huo, haipo.

Alexander Graham Bell alikutana na jambo la jamii hii 1881. Rais Garfield wa Marekani alikuwa amepigwa risasi, madaktari hawakujua ilikokwama, na Bell akaja na kifaa chake cha kutafuta metali mwilini. Hakikufua dafu, na lawama kubwa iliangukia springi za chuma za kitanda alicholazwa mgonjwa. Kifaa kilisikia chuma kingi mno kiasi cha kutoweza kusikia risasi moja.

Jaribu mwenyewe nyumbani. Weka msumari wa inchi 3 chini, na sentimita 5 pembeni yake weka chubwi dogo la kuvulia samaki. Risasi ya chubwi huitikia koili karibu sana na dhahabu, na haikupi hofu ya kupotea. Washa uchujaji, pitisha koili. Kisha zunguka robo duara, upitishe kutoka upande mwingine. Utasikia chubwi likitokea na kutoweka kulingana na upande uliosimama. Punguza uchujaji, linatokea mara nyingi zaidi. Badilisha koili kubwa kwa ndogo, linatokea zaidi tena.

Kwa hiyo penye takataka nyingi, mathalani kambi za zamani za Lupa au jirani na karasha, dawa ya kwanza ni koili ndogo na mwendo wa polepole. Uchujaji uwe mdogo, wa kunyamazisha chuma cha wazi peke yake, na kila robo ya eneo upitie kwa pande mbili. Ukiona eneo limejaa kimya, usifurahi. Kimya cha namna hiyo maana yake chuma ni kingi mno hapo.

Na chuma chenyewe ni mwongo. Vizibo vya soda ni vya chuma, lakini umbo lao la bapa huifanya mashine kuvisoma kama metali nzuri. Washa, nati na vipande vya bati huweza kufanya hivyo hivyo. Hivyo uchujaji unakuachia takataka unazozichukia na kukunyang'anya dhahabu unayoitaka, kwa wakati mmoja.

Bomba la majaribio

Kuzika kitu shimoni na kukifukia, kisha kupitisha koili, ni jaribio la haraka lakini lina kasoro: udongo uliochimbuliwa si sawa na ulioshikana, na mashine inaona shimo lenyewe. Njia bora ni hii. Tafuta eneo unalofanyia kazi, si uwanja wa nyumba. Toboa ardhi kwa mshazari, ukianzia pembeni, na uingize bomba la plastiki la inchi moja au hata nusu, mwisho wake uwe chini ya ardhi ambayo haijaguswa. Funga chubwi kwenye ncha ya fimbo ya mwanzi, usitumie waya, na ulisukume ndani ya bomba. Kila unaposukuma, chubwi linazidi kwenda chini, na juu yake udongo ni ule ule wa asili.

Sasa pima. Anza na metali zote, tia alama kwenye fimbo pale mlio unapopotea. Rudi na uchujaji mdogo, tia alama. Rudi na uchujaji uliokuwa unautumia siku zote, tia alama. Nafasi kati ya alama ya kwanza na ya tatu ndiyo ardhi uliyokuwa unaikanyaga bila kuitafuta. Kwenye udongo mpole zitakaribiana, na unaweza kuamua kwamba usumbufu wa misumari haulipi. Kwenye udongo wa ndevu nyeusi zitaachana. Tazama pia namba chubwi likishuka: juu imetulia, chini kidogo inarukaruka, chini zaidi inasoma chuma, na mwishoni hakuna namba kabisa, ni mlio wa msingi tu unaovimba. Ukishaona mfululizo huo kwa macho yako, mkono wenyewe utakiacha kitufe.

Ukipata mlio

Ukizima uchujaji utapata milio mingi, na huwezi kuchimba yote kwa upofu. Hapo utambuzi unapata kazi yake halali: baada ya mlio, siyo kabla.

Pitisha koili mara kadhaa juu ya mlio, pande mbili zinazokatana. Mlio wa mviringo, unaorudi pale pale kwa pande zote, una matumaini. Unaokatika, unaohama, au ulio mrefu upande mmoja kama msumari uliolala, una shaka. Kisha kwangua kwa buti au jembe tabaka la juu, sentimita 5 hivi, na upime tena. Mlio ukiwa umeondoka, kilicholia kilikuwa juu, na mara nyingi ni takataka. Pitisha sumaku kwenye udongo ulioukwangua, mara nyingi utaona kijiti cha waya kimenata. Mlio ukiongezeka, endelea. Sasa angalia namba. Iliyosoma chuma ikiwa chini na kuanza kupanda kadiri unavyoondoa udongo ni ya kuchimbwa hadi mwisho. Inayokaa palepale kwenye chuma huku mlio ukizidi kukua, karibu kila mara ni chuma kweli.

Sheria yangu ya uamuzi ni nyepesi. Mlio mkubwa unaosoma chuma: unaweza kuuacha ukiwa na haraka. Mlio dhaifu unaosoma chuma: chimba, kwa sababu mlio dhaifu hauna haki ya kutoa hukumu.

Udongo ukishatoka shimoni, tumia kijiko kikubwa cha plastiki, upitishe juu ya koili iliyolazwa chini, gawanya nusu kwa nusu hadi ibaki konzi moja. Pete na panga viweke mbali. Na koili, unapotafuta, iteleze juu ya ardhi bila kuiinua: sentimita 5 za hewa ni sentimita 5 ulizozipunguza chini, hasara ambayo hakuna kitufe kitakachoirudisha.

Onyo moja kwa maeneo ya migodi. Fataki za kulipulia mwamba huwa na ganda la alumini au shaba, kijibomba chembamba unene wa penseli, mara nyingine kikiwa na vipande vya nyaya. Kwa mashine, hiyo ni metali nzuri, na ambayo haikulipuka bado inaweza kulipuka. Usiigonge, usiivute waya, usiichome. Kwenye maeneo yaliyopitiwa na vita, kama mashariki mwa Congo, usichimbe mlio wowote ambao mamlaka haijasafisha ardhi yake. Wategua mabomu hawategemei uchujaji, maana mabomu mengi ya kutegwa ardhini yana metali kidogo sana.

Wa sarafu, na sheria

Mwenye kutafuta pete ufukweni au sarafu kwenye uwanja ana hesabu tofauti. Rupia ya fedha ya Mjerumani iko upande wa juu kabisa wa kipimo, mbali na chuma, na uchujaji wa wastani hauidhuru ikiwa juu juu. Anaweza kuchuja bila kulia sana. Lakini pete nyembamba ya dhahabu inakaa pamoja na alumini, hivyo anayefuta namba za alumini asishangae kurudi na sarafu bila pete.

Wanaosaka mali za Mjerumani chini ya mibuyu na maboma ya zamani wajue wanacheza na sheria. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, Kenya ina ya makumbusho na urithi ya 2006, na mahali kama Kilwa Kisiwani au Gede detekta haina kazi. Upande wa madini, Sheria ya Madini ya Tanzania ya 2010 inataka leseni. Aliye nayo mpe heshima yake, uingie kwa makubaliano ya maandishi, na utakachopata kiuzwe kwenye soko la madini. Kenya nako Sheria ya Madini ya 2016 inataka kibali.

Kuhusu kununua: omba kuijaribu mashine nje, juu ya udongo, na chubwi lako mfukoni. Jihadhari na mashine bandia zenye majina ya kampuni zinazojulikana. Zinauzwa kwa nusu bei na ndani hazina kitu cha maana. Kuna na zile za antena zinazozunguka mkononi, zinazodaiwa kunusa dhahabu kilomita moja mbali na kuitenga na chuma. Uingereza, 2013, James McCormick alifungwa miaka 10 kwa kuuza vifaa vya antena vya jamii hiyo vilivyodaiwa kugundua mabomu, na havikuwa na uwezo wowote. Akitokea mtu wa kukuambia mashine yake inatofautisha dhahabu na chuma mita 10 chini, funga pochi uondoke.